Hemu ya kwenye runinga: nimeipika Mbeya, na sasa najua kipindi kipi kinafundisha

Mwezi wa kumi mwaka juzi alinijia mama mmoja wa mtaa wa Forest, binti yake anaolewa Desemba. Hakuja na hesabu ya pilau na kuku kama wengine. Alikuja na simu mkononi. "Mama, nataka hiki," akanionyesha. Pichani paja zima la nguruwe, rangi ya asali iliyoungua kidogo, ngozi imetolewa, mafuta yamechanjwa mistari ya kukatana kama mkeka, na kila jicho la mkeka limechomekwa karafuu. Aliliona kwenye kipindi cha mapishi ya Krismasi kupitia king'amuzi. Alitaka paja lile likae katikati ya meza kuu.

Napika shughuli hapa Mbeya mwaka wa kumi na sita sasa: harusi, kipaimara, misiba, sendoff. Kitimoto nakijua cha kukaanga, cha rosti, cha kuchoma na ndizi za Tukuyu. Hemu nilikuwa naiona tu kwenye vipande vyembamba ndani ya plastiki, vile ambavyo mteja wa hoteli anawekewa pembeni ya mayai. Nikasema ndiyo, nitaipika. Nikakiangalia kile kipindi mara mbili, nikanunua paja bichi bucha ya Soweto ya hapa Mbeya, nikalichanja, nikachomeka karafuu, nikapaka asali na haradali, nikaingiza kwenye oveni kwa muda wa saa tatu na nusu.

Lilitoka zuri kwa macho. Kisu kilipoingia, ndani ilikuwa nyama nyeupe, ile ile ya Jumamosi zote, ila na utamu wa asali juu. Mama wa bibi harusi akaonja, akaniangalia kwa upole, akasema, "Ni tamu, mama. Lakini siyo ile." Nilimrudishia sehemu ya hela yake ingawa hakuidai. Usiku ule sikulala vizuri.

Kosa lilikuwa langu, lakini na kile kipindi kina lake. Kilianza katikati. Paja lililokuwa mezani kwa yule mpishi lilikuwa limeshalazwa kwenye chumvi kiwandani kwa siku nyingi, na kwa mtazamaji wa kwao hilo halihitaji kusemwa, maana dukani kwao ndivyo linavyouzwa. Kwangu lilihitaji kusemwa. Hemu si namna ya kuchoma nguruwe. Hemu ni paja la nyuma lililokaa kwenye chumvi mpaka nyama ikabadilika yenyewe: ikakaza, ikashika ladha hadi kwenye mfupa, na kama kuna nitriti, dawa ya kuhifadhi nyama, ndani ya ile chumvi, ikabaki na wekundu wa waridi hata baada ya kupikwa. Karafuu na asali ni nguo tu.

Toka hapo nimekuwa naangalia vipindi hivi na daftari mapajani. Vingine kwenye king'amuzi, vingi kwenye YouTube bando likiruhusu, na Kiingereza changu cha sekondari kinatosha. Nimepika mapishi tisa ya hemu, baadhi mara tatu. Kila kipindi nakipima kwa swali moja: je, kinaniambia chumvi ilikuwa kiasi gani na muda gani? Kisiponiambia, nakiangalia kama ninavyoangalia picha za kalenda.

Mwalimu bora kwa upande wa hemu, kwangu, ni Alton Brown wa Marekani, kwenye Good Eats, kipindi kilichoanza Food Network mwaka 1999. Kabla ya upishi alikuwa mtu wa kamera, na inaonekana: kamera anaiweka mpaka ndani ya oveni, unaangalia chakula kikikutazama. Ana kelele kidogo na midoli yake, na mara ya kwanza nilichoka. Lakini ndiye aliyenitenganishia mambo mawili ambayo nilikuwa nayachanganya. Kuna hemu ya mjini, inayolowekwa kwenye maji ya chumvi, laini, ambayo mara nyingi dukani kwao inauzwa imeshaiva na kazi yako ni kuipasha na kuipaka sukari. Na kuna hemu ya shamba, inayosuguliwa chumvi kavu, ikaning'inizwa miezi, ikawa ngumu na kali, ambayo lazima uiloweke kwanza kwenye maji safi ndipo ipikike. Ile ya mjini anaipaka haradali, sukari ya kahawia, anainyunyizia pombe kali kidogo, halafu anaigandisha biskuti za tangawizi zilizosagwa. Biskuti za tangawizi! Hizo zipo hadi kwenye kioski cha stendi. Nilizisaga kwa chupa, nikafanya kama alivyofanya ila bila pombe, na gamba lililotoka lilikuwa linavunjika mdomoni. Watoto wa kipaimara walibandua gamba lote wakaacha nyama.

Hemu ya shamba ilinitamanisha. Kule Parma, Italia, wanatumia paja, chumvi na hewa tu, bila nitriti, na linakaa zaidi ya mwaka kabla ya kupigwa muhuri wao. Ukiwa Mbeya mwezi wa Juni, asubuhi ya baridi, mlima Loleza umefunikwa na ukungu na upepo unakata masikio, unajiambia: kwani sisi tunakosa nini? Tunakosa mengi. Baridi yetu ni ya usiku, saa sita mchana jua linawaka. Kuna inzi. Kuna mvua kuanzia Novemba, na nyumba inajaa unyevu. Na paja lililooza karibu na mfupa halikuonyeshi kwa nje. Nimeliacha jambo hilo kwa wenye vyumba vyao, na nakuomba na wewe usijaribu kuning'iniza paja darini.

Ninachofanya mimi ni ya mjini, kwa maji. Namwambia fundi wa bucha alikate paja mara mbili, kwa sababu paja zima la kilo saba au nane haliingii kwenye friji yangu. Kwa kipande cha kilo mbili na nusu nachemsha maji na chumvi gramu 70 kwa kila lita, sukari mikono miwili, majani ya bei (bay leaves), pilipili manga na vitunguu saumu. Yakipoa kabisa, na ninaposema kabisa namaanisha yametoka friji, naizamisha nyama, nafunika na sahani iibane chini, nairudisha friji siku tano. Kuna mzee aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha soseji aliniongezea jambo moja ambalo sijaliona kwenye kipindi chochote nilichoangalia: penye mfupa chumvi inachelewa kufika, kwa hiyo chukua sindano mpya ya duka la dawa za mifugo, uyapige yale maji ya chumvi kandokando ya mfupa. Nilifanya. Tofauti unaionja.

Rangi yangu haiwi waridi. Inatoka kahawia ya kijivu, kama nyama ya supu. Ile chumvi yenye nitriti wanayoitumia wenzetu wameitia rangi ya waridi makusudi ili mtu asiichanganye na ya mezani, maana ikizidi ni sumu. Mimi sina mizani ya kupima gramu mbili tatu, kwa hiyo siigusi. Mteja namwambia mapema: ladha utaipata, rangi hutaipata. Wawili wameghairi kwa sababu hiyo. Wengine wameelewa.

Sasa Nigella Lawson, Mwingereza. Huyu hakusomea upishi chuoni, alikuwa mwandishi wa magazeti, na anapika kama mtu aliye nyumbani kwake usiku wageni wakiwa njiani. Chakula chake kilichojulikana mno ni hemu iliyochemshwa kwenye Coca-Cola. Niliposikia nilidhani nimesikia vibaya. Nyama ya kilo mbili, kitunguu, chupa ya lita mbili ya Coca-Cola, unachemsha taratibu saa mbili na nusu hivi, halafu unaitoa, unaondoa ngozi, unaacha mafuta kidogo, unachanja, unachomeka karafuu, unapaka mchanganyiko wa molasesi, haradali ya unga na sukari, unaingiza oveni ya moto mkali dakika kumi tu.

Hapa inabidi uelewe maneno yao. Waingereza paja lililotiwa chumvi likiwa bado bichi wanaliita gemoni, likishaiva ndiyo hemu. Ukiona kwenye kipindi chao mtu anaanza na gemoni, jua chumvi imeshaingia. Ukianza na nyama ya bucha hivi hivi, utapata kile nilichompelekea mama wa Forest.

Nimeipika mara tatu na hii ndiyo inayonipatia oda. Lita mbili za Coca-Cola ya kawaida zina karibu gramu 200 za sukari, na ile sukari na ukali wake wa asidi vinakutana na chumvi ya nyama kwa namna ambayo sikuitegemea. Haitoi ladha ya soda. Inatoa kitu kama viungo vya pilau vilivyolala kwenye karameli. Molasesi sikuipata, nikaponda sukari guru na maji ya moto kidogo, ikawa sawasawa. Nadhani hata bora, maana sukari guru ina moshi wake. Karafuu tunazo za Zanzibar, wala si za kutafuta. Angalizo langu ni kwamba mara ya kwanza sikuiloweka nyama kwenye maji safi baada ya kuitoa kwenye chumvi, na ile rojo ya Coca-Cola niliyotaka kuifanya mchuzi ilikuwa chumvi tupu. Siku hizi naiosha, nailoweka saa nne, halafu nakata kijipande, nachemsha pembeni, naonja kwanza. Kijipande hicho kimeniokoa zaidi ya mara moja.

Kinachonivuta kwa Nigella ni kwamba anakula. Mwisho wa kipindi anafungua friji na kujikatia kipande kilichopoa. Hemu ndivyo ilivyo, siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, na mpishi asiyeonyesha siku ya pili hajamaliza somo.

Julia Child, Mmarekani, naye lazima nimtaje ingawa kwake sikujifunza hemu. Nilimfuata kwa ajili ya mkono wake. Kipindi chake, The French Chef, kilianza Februari 1963 kwenye kituo cha runinga cha WGBH cha Boston, picha nyeusi na nyeupe, mama mrefu wa sentimita 188. Walirekodi nusu saa moja kwa moja, karibu bila kukata. Kuna pale anageuza mkate wa viazi kwenye kikaango na nusu inamwagikia jikoni, naye anaiokota, anairudisha, anaibana kwa mkono na kuendelea. Nimeiangalia sijui mara ngapi. Mimi niliyepeleka harusini paja lisilo lenyewe, kumwona mpishi mkubwa akiokota chakula chake mbele ya nchi nzima kulinirudishia moyo kuliko somo lolote. Vipindi vya sasa vinakata pale panapoharibika, na mwanafunzi anabaki akidhani ni yeye peke yake anayeharibu.

Mashindano ya upishi sitayaongelea sana. Yanapigwa muziki wa kutisha, saa inahesabu, kijana anafunga samaki kwa vipande vya hemu ya Italia akitokwa jasho, majaji wanaonja kijiko kimoja wanakunja uso. Ni burudani nzuri ya familia Jumapili jioni. Lakini hemu ni kitu cha siku tano na saa kinachohesabu ni cha dakika sitini. Nimejifunza jambo moja tu huko: kutojaza sahani.

Mkate wa Kifaransa wa hemu na jibini, ule wanaouita krokimesie, pika. Mkate, haradali, hemu iliyobaki, mchuzi mweupe wa maziwa na jibini ya Njombe juu, oveni mpaka iwe na madoa. Kifungua kinywa cha wageni wa harusi walioamkia kwako kinaishia hapo. Piza ya hemu na nanasi nayo ni rahisi. Waliodhani ni ya Hawaii wajue ilianzia Kanada mwaka 1962, kwenye mgahawa wa Sam Panopoulos. Nanasi likiwa na maji mengi unga unalowa. Basi.

Jambo ambalo vipindi vya nje haviwezi kutusemea, na sisi watu wa nyanda za juu tunapaswa kusemezana wenyewe, ni usalama wa nyama. Marekani mwaka 2011 walishusha kiwango cha joto la ndani kwa nyama nzima ya nguruwe kutoka nyuzi 71 hadi 63 za Selsiasi, na ndiyo maana unawaona wapishi wao wakikata nyama yenye wekundu na kuisifia. Wao nguruwe wao wanafugwa ndani na kukaguliwa mmoja mmoja. Huku kwetu nguruwe wengi bado wanazurura, na tegu wa nguruwe yupo Mbozi, yupo Mbeya, wataalamu wamemfuatilia miaka mingi. Nyama isiyoiva inampa mtu tegu tumboni. Mayai yanayotoka kwenye choo cha mtu huyo yakiingia kwenye chakula au maji, mabuu yake ndiyo yanayofika hadi ubongoni na kuleta kifafa. Kwa hiyo mimi nanunua paja lenye muhuri wa mkaguzi, fundi akinikatia nakagua kama kuna punje nyeupe kama mchele ndani ya misuli, na kipimajoto changu kinasubiri 71. Kipimajoto nilikinunua kwa hela ya oda mbili. Hakuna kifaa nilichonacho jikoni ninachokithamini zaidi.

Na sufuria za nguruwe ziweke mbali. Jirani yangu ni Mwislamu, tunaazimana vyombo tangu watoto wetu wakiwa wadogo. Sufuria ya hemu na kisu chake vina kamba nyekundu na vinakaa stoo. Kwenye runinga hili sijawahi kuliona, na sidhani wana sababu ya kulifikiria.

Nimebakiza kile ninachokipenda kuliko vyote: mfupa. Nchi nyingi zinazokula hemu zina supu ya njegere kavu na mfupa wa hemu, na vipindi vingi vinaipitia haraka mwishoni, dakika tatu, kama kitu cha kumalizia mabaki. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kupika hemu. Njegere kavu nanunua Sokomatola, naloweka usiku, nachemsha na mfupa, karoti, kitunguu na majani ya bei, bila kutia chumvi hata kidogo, mfupa unayo ya kutosha.

Lakini muda wao usiufuate. Wanasema saa moja na robo. Yangu ilifika saa mbili na njegere bado zinagonga jino. Nikadhani nimeuziwa za zamani, nikanunua nyingine, yale yale. Mjukuu wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeniambia: bibi, maji ya hapa hayafiki mia. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatoa mvuke, yanaruka, lakini moto wake ni mdogo kuliko wa mtu wa Dar es Salaam. Hemu yenyewe haisumbuki sana, maana inatakiwa kutokota taratibu bila kuchemka kwa nguvu. Njegere zinasumbuka. Siku hizi nahesabu saa mbili na nusu kwa mkaa, au dakika arobaini kwenye sufuria ya presha, na mfupa nautia toka mwanzo.

Zikishapondeka, supu inakuwa nzito, kijani ya kuzeeka, na nyuzi za nyama ndani. Mama mkwe wangu wa Tukuyu, aliyekataa kuonja hemu yenyewe kwa sababu nyama haiwekwi soda, alikula supu hiyo bakuli mbili na ugali, akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, akauliza kama ule mfupa bado una kitu.

Yule mama wa Forest amenipigia wiki iliyopita. Mtoto wa pili anaolewa. Nimemwambia safari hii nahitaji kujua siku saba kabla, nianze na chumvi.